Shajara ya mradi: kuihama CentOS 7, mauzo yakibaki Dar na nakala rudufu zikienda winguni

Mei 2024: kilichopo

Mteja ni muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi: nondo, saruji, mabati, mabomba. Ghala kuu liko Dar es Salaam, matawi yako Mwanza, Arusha na Mbeya. Mauzo na stoo vyote vinaendeshwa na seva moja yenye VMware ESXi (programu ya kugawa seva moja kuwa mashine kadhaa za kiprogramu), na ndani yake mna mashine pepe nne: hifadhidata ya PostgreSQL 11 juu ya CentOS 7 (mfumo endeshi wa Linux), programu ya mauzo juu ya CentOS 7, tovuti ya oda, na Windows Server 2012 R2 ya wahasibu.

Karibu kila tabaka limefika mwisho wa matunzo. CentOS 7 inaishia tarehe 30 Juni 2024. PostgreSQL 11 iliachwa Novemba 2023, na Windows Server 2012 R2 tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo. Kwa upande wa VMware, Broadcom ilikamilisha ununuzi Novemba 2023, Desemba ikaacha kuuza leseni za kudumu, na Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Leseni ya kudumu aliyonayo mteja bado inafanya kazi, lakini mkataba wa msaada ukiisha kinachopatikana ni usajili wa kulipia tu.

Pendekezo lililokuwa mezani ni kupeleka kila kitu kanda ya AWS, wingu la Amazon, iliyoko Cape Town. Jumapili ya tarehe 12 Mei mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Njia ya kwenda kusini ndiyo hiyohiyo ambayo mauzo yangeitegemea. Kuanzia hapo kila kazi inapimwa kwa swali moja: mawasiliano ya nje ya nchi yakikatika siku nzima, kazi hii inaruhusiwa kusimama?

Mauzo, stoo na hati za kupakia mzigo haziruhusiwi, kwa hiyo zinabaki Dar. Matawi yanafika Dar kwa nyaya za nchi kavu, hayahitaji bahari. Tovuti ya oda inaruhusiwa kusimama, kwa kuwa mteja akishindwa kuifungua atapiga simu. Nakala rudufu zinaweza kuchelewa saa kadhaa bila madhara. Mashine za majaribio hazina haraka yoyote. Hizi tatu ndizo zinazokwenda winguni.

Taarifa za wateja wa kawaida, yaani majina, simu na madeni, zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na yenye masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kubakiza hifadhidata Dar kunapunguza kazi ya upande huo, ila hakuifuti: nakala rudufu nazo ni taarifa zilizosafirishwa.

Mei, mwishoni: chuma, umeme na akidi

Seva mbili mpya zinazofanana, kila moja na RAM ya GB 128 na diski za SSD zilizooanishwa kwa ZFS (kila moja ina pacha wake), mfumo ni Proxmox VE 8.2, unaochukua nafasi ya ESXi. Toleo hili la Aprili limekuja na zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi.

Kwenye SSD ndipo wauzaji wengi wa mjini watakupa kitu kisichofaa. SSD ya kompyuta ya mezani haina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, na PostgreSQL kila inapothibitisha muamala huiambia diski iandike kweli, isibaki na data kwenye kumbukumbu yake ya muda. Diski isiyo na kinga hiyo hulazimika kusubiri kila mara. Ipime kwa `pg_test_fsync` kabla ya kulipa: ya mezani mara nyingi huonyesha mamia machache ya maandishi kwa sekunde, ya seva yenye kinga huonyesha maelfu mengi. Keshia sita wakikata risiti kwa pamoja tofauti hiyo wataiona, hata kama kasi iliyoandikwa kwenye boksi inafanana.

Seva mbili peke yake hazitoshi kuunda klasta salama. Proxmox huhitaji akidi, yaani zaidi ya nusu ya kura. Zikiwa mbili na moja ikafa, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, akidi haijatimia, saraka ya mipangilio ya Proxmox, `/etc/pve`, inakuwa ya kusomwa tu na mashine pepe haziwashwi. Dawa si lazima iwe seva ya tatu. Kompyuta ndogo yenye Debian na kifurushi cha `corosync-qnetd` inatosha kupiga kura ya tatu. Tumeiweka kwenye chumba kingine na UPS yake, maana ikikaa kwenye soketi ileile na seva moja itazimika pamoja nayo.

Mzigo wote kwenye UPS ni kama wati 550: seva mbili za takriban 250 kila moja, swichi na ruta. Jenereta lipo, lakini muda wa betri umepigiwa hesabu kana kwamba halitawaka. Programu ya NUT inasoma chaji ya betri na kuzima kwa mpangilio: programu ya mauzo kwanza, hifadhidata ifuate, seva zenyewe mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, programu itaendelea kujaribu kuandika kwenye hifadhidata inayozimika, na asubuhi wahasibu watakuwa na oda za nusunusu za kusafisha.

Juni, mwanzoni: kutoka ESXi

Zana ya kuingiza inafanya kazi vizuri ikiandaliwa. Futa snapshot zote (picha za hali ya mashine zilizohifadhiwa) upande wa ESXi, la sivyo kunakili kunakuwa kwa kobe. Ondoa VMware Tools wakati mashine bado iko nyumbani kwake.

CentOS 7 iliyozaliwa kwenye VMware haina madereva ya virtio (vifaa pepe vya Proxmox) ndani ya initramfs, faili ndogo inayoanzisha mfumo. Ukiihamisha hivihivi na kuipa diski ya virtio, haiioni diski na inaishia kwenye kidokezo cha dracut. Kabla ya kuhama endesha `dracut -f --add-drivers "virtio_pci virtio_scsi virtio_blk"`, au iwashe mara ya kwanza diski ikiwa ya SATA kisha ubadilishe. Windows nayo ianze na SATA, ifungwe madereva kutoka diski ya VirtIO, ndipo ibadilishwe.

Kadi ya mtandao hubadilika jina, kutoka `ens192` kuwa `ens18`. Anwani ya IP ya kudumu iliyoandikwa kwenye faili ya jina la zamani haipandi, na mashine inaonekana kama imekufa kumbe iko hai bila mtandao. Fungua konsoli ya Proxmox, hariri faili, basi.

Mashine ya programu imehamishwa hivi kwa muda tu, huku programu yenyewe ikijengwa upya juu ya Debian 12. Hifadhidata haikupita njia hii.

Juni: hifadhidata, na kwa nini haikunakiliwa kama faili

Njia inayovutia ni kunakili saraka ya data, au kuweka seva mpya ifuate ya zamani kwa streaming (kupokea mabadiliko ya faili yanapotokea), kisha kupandisha toleo. Ni ya haraka, na kutoka CentOS 7 kwenda Debian 12 ni hatari.

PostgreSQL ikitumia lugha kama `en_US.UTF-8` huachia maktaba ya glibc ipange herufi. CentOS 7 ina glibc 2.17, Debian 12 ina 2.36. Katikati, toleo la 2.28 lilibadilisha mpangilio. Endesha hili kwenye mashine zote mbili:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ya zamani inatoa 11 kisha 1-1. Mpya inatoa 1-1 kisha 11.

Misimbo ya bidhaa hapa imejaa vistari: ukubwa wa nondo, kistari, urefu. Faharasa ya B-tree ni orodha iliyopangwa, na utafutaji hutegemea kwamba aliyepanga na anayetafuta wana kanuni moja. Ukiileta faharasa iliyopangwa kwa kanuni ya zamani kwenye seva yenye kanuni mpya, utafutaji unageukia upande usio wake na kurudi mikono mitupu. Keshia anaambiwa bidhaa haipo, anaisajili upya, na faharasa ya kipekee inakubali kwa sababu nayo haikuiona ya kwanza. Unapata bidhaa moja yenye rekodi mbili na stoo iliyogawanyika, na hakuna ujumbe wa kosa popote. Aliyekwisha kunakili kwa njia hiyo aendeshe `bt_index_check` ya amcheck, kiendelezi cha kukagua faharasa, kwenye faharasa zote za maandishi, aondoe rudufu, kisha `REINDEX` kuzijenga upya.

Kwa hiyo tumechukua urudufishaji wa kimantiki kwenda PostgreSQL 16, ambako safu husafiri kama data na faharasa hujengwa upya huko ziendako. Yaliyohitaji uangalifu:

`wal_level = logical` inataka hifadhidata iwashwe upya. Hilo lilipangwa Jumapili.

Jedwali lisilo na ufunguo mkuu (kinachotambulisha kila safu) likiingizwa kwenye publication, yaani orodha ya majedwali yanayorudufishwa, `UPDATE` na `DELETE` zote juu yake zinakataliwa, tena kwenye seva ya zamani inayouza. Hili ndilo linaloweza kusimamisha biashara katikati ya mchana kwa kazi ambayo kila mtu anaamini haigusi chochote. Tafuta majedwali hayo kwanza. Hapa yalikuwa ya kumbukumbu za matukio na moja la bei za muda. Yamepewa ufunguo mkuu. `REPLICA IDENTITY FULL`, yaani kuitambua safu kwa thamani zake zote, inawezekana, ila upande wa pili hutafuta safu kwa kulinganisha kila safuwima. PostgreSQL 16 hujaribu kutumia faharasa nyingine iliyopo, na ikikosa huchanganua jedwali zima.

Vihesabio vya namba havisafiri. Mabadiliko ya muundo wa majedwali hayasafiri. Picha za hati zilizohifadhiwa kama large object nazo hazisafiri, zilihamishwa kando. Waandaaji wa programu waliombwa wasibadilishe muundo wowote hadi uhamisho uishe.

Sloti, yaani alama ya pale mpokeaji alipofikia, ndiyo ya kulindwa zaidi. Inaiamrisha seva ya zamani isifute faili zozote za WAL (kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata) ambazo mpokeaji hajazichukua. Mpokeaji akisimama, faili zinarundikana hadi diski ijae na mauzo yasimame. Toleo la 13 lilileta `max_slot_wal_keep_size` ya kuweka kikomo, na sisi tuko kwenye la 11. Hakuna breki. Kengele imewekwa ilie rundo likifika GB 20, kwa kupima `pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)` kila dakika, na maelekezo ni mafupi: ikilia na chanzo hakijulikani, futa sloti na uanze upya kunakili. Bora kurudia GB 180 za hifadhidata nzima kuliko kufunga duka.

Kwa mnakilo wa kwanza, muundo uliletwa kwa `pg_dump --schema-only`, majedwali yakabaki na funguo kuu tu. Faharasa nyingine zilijengwa baada ya data kufika, na zinajengwa haraka zaidi hivyo.

Uhakiki haukuishia kwenye kuhesabu safu. Kila jedwali lenye fedha lilijumlishwa kwa mwezi pande zote mbili, na jumla za stoo kwa tawi. Hesabu ya safu inaweza kulingana huku kiasi kimoja kikiwa kibovu.

1 Julai

Siku moja baada ya CentOS 7 kuachwa, lilitangazwa tundu la OpenSSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali: CVE-2024-6387. Linagusa matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1 kwenye Linux ya glibc. CentOS 7 ina 7.4, kwa hiyo mashine kongwe zilikuwa salama na Debian 12 mpya, yenye 9.2p1, ndizo zilizohitaji kiraka. Kiraka cha Debian kilitoka siku hiyohiyo na kimewekwa. Kuna mtu atatumia tukio hili kuteta kwamba mfumo wa zamani ni salama zaidi. Tofauti ni kwamba tundu lijalo litakaloigusa 7.4 halitapata kiraka cha bure kutoka CentOS.

Julai, mwanzoni: winguni

Tovuti ya oda iko Cape Town. Haigusi hifadhidata ya Dar. Inaweka oda kwenye foleni yake na Dar inakuja kuzichukua. Mkongo ukikatika oda zinasubiri, mauzo ya dukani hayana habari. Vikao vya watumiaji vinahifadhiwa kwenye Redis, hifadhi ya data ya haraka kwenye RAM, ambayo Machi ilibadilisha leseni na kuzaa mradi wa Valkey. Debian 12 inabeba Redis 7.0 yenye leseni ya zamani ya BSD, kwa hiyo hakuna cha kuhama leo.

Nakala rudufu zinafanywa na pgBackRest zenye hazina mbili: ya kwanza kwenye seva ya pili hapahapa Dar, ya pili kwenye S3, hifadhi ya AWS, huko Ireland. Ireland ni mbali, lakini nakala rudufu haina keshia anayeisubiri, na njia za kwenda Ulaya si zile za kusini. Si kwamba kaskazini ni salama, maana Februari 2024 mikongo ilikatika Bahari ya Shamu. Ndiyo sababu hazina ya kwanza iko Dar.

Hesabu ya kurejesha inaeleza vizuri zaidi. GB 180 kwa kiungo cha Mbps 50 kinachopatikana chote ni sekunde 28,800, yaani saa 8 kamili. Kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti moja ni chini ya nusu saa kinadharia. Ya winguni ni kwa ajili ya moto, mafuriko, wizi, au mdukuzi aliyefunga kila kitu cha Dar. Kwa huyo wa mwisho, ndoo ya S3 imewashiwa Object Lock, kufuli linalozuia kufuta, ya siku 30, na ufunguo ulioko Dar hauna ruhusa ya kuondoa kufuli hilo. Nakala zinasimbwa kwa AES-256 kabla ya kutoka. Nenosiri la usimbaji limechapishwa na kufungiwa kwenye kasiki la mkurugenzi, kwa sababu likibaki kwenye seva pekee, moto utakaochoma seva utakuwa umechoma na nakala ya Ireland.

`archive_timeout`, muda wa juu kabla ya faili ya WAL kutumwa kwenye hazina, ni sekunde 300. Kwa siku, hiyo ni faili 288 za MB 16 kwa uchache ikiwa kuna kazi muda wote, kama GB 4.6 kabla ya kubanwa. Intaneti ikikatika, faili hazitoki na saraka yake, `pg_wal`, inavimba. Chaguo la `archive-push-queue-max` hutupa faili zikizidi kikomo ili hifadhidata isife, lakini hapo mnyororo wa kurejesha kwa dakika unakatika hadi nakala rudufu ijayo. Tumeipa pg_wal diski yake ya GB 200 na kikomo cha GB 150: siku nyingi za kukatika kwa mkongo zinamezwa bila kutupa chochote.

Gharama. Kuhifadhi Ireland ni dola 0.023 kwa GB kwa mwezi, hivyo GB 500 ni dola 11.50. Kutoa data nje ni dola 0.09 kwa GB baada ya GB 100 za bure za kila mwezi. Ankara inaumia kwenye kutoa data kuliko kwenye kuhifadhi, na wengi huligundua siku ya jaribio la kurejesha. Jaribio letu halivuki bahari: mashine inawashwa Ireland kwenye kanda ileile, inarejesha kutoka S3, inaendesha amcheck na jumla za miezi, inazimwa na kufutwa. Anwani ya IPv4 ya umma, ambayo tangu Februari 2024 inatozwa dola 0.005 kwa saa, ni takriban dola 3.65 kwa mwezi kwa kila moja. Mashine tatu za majaribio zilikuwa nayo bila sababu, zimenyang'anywa. Pia zinazimwa jioni na mwisho wa wiki: saa 10 kwa siku tano ni saa 50 kati ya 168. Diski zake zinaendelea kutozwa hata zikiwa zimezimwa, kwa hiyo usitarajie ankara ishuke kwa uwiano huohuo. Mkataba wa miaka mitatu wa punguzo umekataliwa kwa sasa. Kujifunga kwa dola huku mauzo yakiwa ya shilingi kunahitaji kwanza miezi kadhaa ya vipimo.

Julai, katikati: matawi

WireGuard (njia ya faragha iliyosimbwa, VPN) kutoka kila tawi, bandari 51820 ya UDP. Matawi yana laini ya pili ya simu kwa dharura, nayo iko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu (anwani moja inayotumiwa na wengi, haifikiki kutoka nje), kwa hiyo tawi ndilo linaloanzisha na `PersistentKeepalive = 25` inaweka njia wazi.

Mwanza kwenye laini ya simu: ping inapita, kuingia kunapita, ukurasa wa orodha ya bei unaganda. Hii ni dalili ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinatupwa kimyakimya. `ping -M do -s 1402` ndiyo kubwa iliyopita, ongeza baiti 28 za vichwa unapata 1430. WireGuard juu ya IPv4 inakula 60, inabaki 1370. Imewekwa 1360 badala ya 1420 ya kawaida, ukurasa ukafunguka.

Jumamosi 27 Julai: kuhama

TTL ya DNS, yaani sekunde ambazo jibu la anwani hukumbukwa, ilishushwa kutoka 86400 hadi 300 siku mbili kabla. Ukiishusha saa moja kabla hujafanya kitu, waliokwisha kuchukua jibu la zamani watakaa nalo siku nzima. Kampuni ya malipo ya simu iliarifiwa mapema anwani mpya, kwa kuwa huruhusu anwani inazozijua tu.

Saa nne usiku, duka likiwa limefungwa: `ALTER ROLE` ya programu iwe `default_transaction_read_only = on`, miunganisho yake ikatwe. Subiri `confirmed_flush_lsn` ya sloti (mpokeaji alipofikia) ifikie `pg_current_wal_lsn()` (seva ya zamani ilipo). Weka vihesabio kwa `setval` kwa thamani ileile, si kwa kuruka elfu moja kama inavyoshauriwa kwingine, kwani namba za ankara zikiruka mkaguzi atauliza zilizokosekana ziko wapi. Endesha `ANALYZE` ikusanye takwimu za majedwali, la sivyo asubuhi maswali mazito yatachagua njia mbaya. Futa subscription (upande wa kupokea urudufishaji) ya kwenda, fungua ya kurudi kutoka 16 kwenda 11 na `copy_data = false`, ili ikibidi kurudi, mauzo ya leo yawe yamo. Elekeza DNS. Kata risiti ya majaribio kila tawi na kuibatilisha.

Agosti

Ripoti ya siku ya oda za tovuti haikulingana na ya ghala. Malori ya saruji huagizwa saa saba na saa nane usiku, na mashine za winguni zinatumia UTC, ambako siku hubadilika saa tisa usiku ya hapa. Oda za kati ya saa sita na saa tisa zilihesabiwa jana. Safuwima ilikuwa `timestamp` isiyo na kanda ya saa, iliyojazwa na `now()`. Imegeuzwa kuwa `timestamptz`, na mtumiaji wa ripoti amepewa `timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam'`. Wakati wa kugeuza lazima useme `AT TIME ZONE 'UTC'`, usipofanya hivyo rekodi za nyuma zinaweza kusogea saa tatu.

Subscription ya kurudi imefungwa baada ya mwisho wa mwezi wa kihasibu kupita salama, na mashine ya PostgreSQL 11 imezimwa. Iliyobaki ni Windows ya wahasibu. Programu yao imethibitishwa kufanya kazi kwenye Server 2022, ila leseni yake imefungwa kwa kitambulisho cha kadi ya mtandao ya zamani. Hadi muuzaji atoe leseni mpya, mashine hiyo imepewa kadi yenye MAC ileile ndani ya Proxmox na haifiki intaneti.